Alumini ya kusubu inapopasuka, inapotoboka au inapokataa ugumu: tafuta kosa kwenye skrepa

Mteja akirudisha puli iliyopasuka, mafundi wengi huanza kulaumu mchanga, kalibu au moto. Mara nyingi kosa lilishaingia mapema zaidi, pale skrepa ilipokuwa inachaguliwa. Alumini tupu ni laini na haijazi kalibu vizuri. Kinachoipa nguvu na wepesi wa kutiririka ni vitu vilivyochanganyika nayo: silikoni, shaba, magnesi na, kwa bahati mbaya, chuma. Uji, yaani alumini iliyoyeyuka, unapoganda, kila kimoja hujitengenezea umbo lake ndani ya alumini, na umbo hilo ndilo linaloamua kama kipande kitavumilia kazi. Mwongozo huu ni wa fundi anayeyeyusha skrepa kwenye karakana ndogo, iwe Gerezani, Kamukunji au Katwe, asiye na maabara mlangoni.

Angalia kwanza

Usifute wala kusugua mahali palipovunjika. Toka nje, geuza kipande taratibu juani na utazame kwa kioo cha kukuza. Mvunjiko wenye rangi ya kijivu iliyofifia na punje ndogo sana, laini kwa macho, ni dalili njema. Ukiona vipande bapa vinavyometameta kila unapogeuza, kuna kitu kimeganda kwa umbo kubwa ndani.

Kisha kata kipande kingine kwa msumeno na ukisugue kwa msasa wa maji: 240, 400, 800, halafu 1200. Kila ukibadilisha msasa, geuza mwelekeo wa kusugua na usiendelee mpaka mikwaruzo ya msasa uliopita imeisha. Malizia kwa dawa ya kung'arishia vyuma na kitambaa laini. Chukua kostiki soda, ile wanayotumia watengeneza sabuni, gramu 10 kwa mililita 90 za maji. Soda iingie kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya soda. Vaa glavu na miwani, fanya kazi hiyo nje, mbali na moto, kwa sababu hidrojeni inatoka. Tumbukiza sampuli dakika chache kisha isuuze. Alumini karibu tupu na ile yenye magnesi hubaki nyeupe. Yenye silikoni nyingi huwa ya kijivu kilichokolea, na yenye shaba au zinki huwa nyeusi. Ukubwa wa chembe za alumini, yaani fuwele zinazoijenga, nao huanza kuonekana kwa macho.

Dawa hiyo hiyo hupanga skrepa. Nyaya za umeme ni karibu alumini tupu. Fremu za madirisha zina magnesi na silikoni chini ya 1% kila moja. Rimu za spoti kwa kawaida ni aloi (alumini iliyochanganywa na vitu vingine kwa kipimo) inayoitwa A356: silikoni karibu 7%, magnesi karibu 0.35%, na chuma kisichozidi 0.2%, hiyo ndiyo skrepa bora kuliko zote. Pistoni zina silikoni karibu 12%, pamoja na shaba, nikeli na magnesi, karibu 1% kila kimoja. Maboksi ya gia na vifuniko vya injini vilivyosubiwa kwa shinikizo mara nyingi ni jamaa ya A380: silikoni karibu 8.5%, shaba 3 hadi 4%, na chuma kinachoweza kufika 1.3%. Ukizitupa zote chungu kimoja, umepata aloi isiyo na jina, na hutajua kosa lilitoka wapi.

Kipande kinavunjika kama kigae

Kimedondoka sakafuni kikakatika, hakikupinda hata kidogo. Washukiwa ni wawili: silikoni iliyoganda vibaya, au chuma. Ni muhimu kuwatofautisha kwa sababu wa kwanza ana dawa na wa pili karibu hana.

Silikoni haikai kwa wingi ndani ya alumini ngumu. Uji wenye silikoni karibu 12.6% huganda wote kwa mara moja kwenye 577°C, na hapo alumini na silikoni hukua kwa pamoja, bega kwa bega. Mafundi wa metali huita mchanganyiko huo yutektiki. Ukiwa na silikoni 7%, matawi ya alumini hutangulia kukua, halafu yutektiki hujaza nafasi katikati. Silikoni hiyo ikiachiwa ipoe polepole kwenye mchanga, hukua vibamba vikubwa vyenye ncha kali, na kila ncha ni mahali pa ufa kuanzia. Kwenye mvunjiko ndiyo ile mimeremeto ya kijivu.

Dawa yake ilijulikana zamani. Aladár Pácz, mkemia mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa Marekani, aligundua kwamba floridi ya sodiamu ikitiwa kwenye uji hubadilisha silikoni kutoka vibamba kuwa nyuzi laini zenye matawi. Hataza yake ilitolewa mwaka 1921. Leo viwandani hutumia zaidi strontiamu, 0.01 hadi 0.02% ya uji, inayouzwa ikiwa imechanganywa na alumini. Kwa uji wa kilo 10, ukitaka 0.02%, unahitaji gramu 2 za strontiamu, yaani gramu 20 za aloi yenye strontiamu 10%. Chumvi ya mezani haifanyi kazi hiyo. Husaidia kukusanya takataka za juu, lakini kloridi ya sodiamu haiachii sodiamu kirahisi kuingia kwenye uji, na ikiwa na unyevu inakuletea gesi. Kama huwezi kupata strontiamu, njia iliyobaki ni kupoza haraka: kalibu ya chuma badala ya mchanga, au kipande cha chuma kilichopachikwa ndani ya mchanga pale penye unene. Upoaji wa haraka unapunguza vibamba hata bila dawa.

Sasa chuma. Ninakitilia mkazo kwa sababu kikishaingia hakitoki. Alumini ngumu hubeba chuma karibu 0.05% tu, chote kinachozidi lazima kijitenge, na kikikutana na silikoni huunda vibapa vyembamba vya Al5FeSi, yaani alumini, chuma na silikoni vilivyoungana. Kwenye hadubini vinaonekana kama sindano ndefu, kwa kuwa jicho linaona ukingo wa kibapa uliokatwa. Ni vigumu, havipindi, na ufa hupita kando yake bila kizuizi. Tena vibapa vinavyotangulia kuganda huziba njia za uji, hivyo sehemu za nyuma yake hukosa kulishwa na kubaki na mapango. Ndiyo maana aloi yenye chuma kingi huvunjika na pia huvuja.

Wataalamu wana hesabu ya haraka ya kiwango ambacho madhara huanza kupanda: zidisha asilimia ya silikoni kwa 0.075, kisha toa 0.05. Kwa silikoni 7% unapata chuma karibu 0.48%; kwa 10% unapata 0.7%. Kadiri kipande kinavyopoa polepole ndivyo unavyopaswa kukaa mbali zaidi chini ya hapo.

Utajuaje ni chuma na si silikoni? Subu vipande viwili vidogo kutoka chungu kimoja, kimoja kikiwa kimetiwa strontiamu, vyote kwenye kalibu ya chuma. Kama hata kilichotiwa dawa kinavunjika kwa vipande bapa virefu vinavyong'aa, shuku chuma. Jibu la uhakika linatoka kwenye spektromita, mashine inayopima kila kilichomo ndani ya aloi. Vitivo vya uhandisi, au taasisi za utafiti wa viwanda, TIRDO ya Dar es Salaam na KIRDI ya Nairobi, ni mahali pa kuanzia kuuliza. Gharama ya kipimo kimoja ni ndogo kuliko ya kurudia oda nzima.

Chuma huingia kwa njia ambazo fundi anaziona kila siku. Pistoni nyingi za dizeli zina pete ya chuma iliyosubiwa ndani ya mfereji wa ringi ya juu. Silinda hedi zina viti na gaidi za valvu. Bolti na bushi husahaulika. Kisha kuna chungu chenyewe: mtungi wa gesi uliokatwa au bomba lililochomelewa chini, na nondo ya kukorogea. Alumini iliyoyeyuka hula chuma, na kadiri moto unavyopanda ndivyo inavyokula haraka. Pasha skrepa polepole, na mara alumini inapoanza kuachia, chota vyuma vikiwa bado vizima, kabla hujaongeza moto. Paka chungu na nondo tabaka la udongo wa kinzamoto ulioloweshwa, likauke kabisa, na urudie kila siku ya kazi. Usivuke 750°C bila sababu. Ukiweza kununua chungu cha grafaiti, hiyo ndiyo fedha itakayorudi mapema kuliko nyingine yoyote.

Kama chuma kimeshaingia, una mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kuzimua. Kilo 10 za skrepa yenye chuma 1.2% ukichanganya na kilo 10 za rimu zenye 0.15%, unapata karibu 0.7%. Nyaya za umeme zinazimua pia, lakini zinashusha na silikoni, kwa hiyo uji utapoteza wepesi wa kujaza kalibu. La pili ni kutia metali ya manganizi. Ikifika karibu nusu ya chuma, vibapa hugeuka kuwa umbo lililokunjamana ambalo kwenye hadubini hufanana na maandishi ya Kichina, na umbo hilo halipasui aloi kwa urahisi hivyo. Chuma kiko pale pale, kimebadilishwa sura tu.

Usizidishe. Jumlisha asilimia ya chuma, mara mbili ya manganizi, na mara tatu ya kromi. Jumla ikivuka karibu 1.8 huku uji ukikaa muda mrefu kwenye joto la karibu 650°C, vipande vigumu hujitenga na kutua chini ya chungu. Kwa mfano wetu, chuma 0.7% na manganizi 0.35% vinatoa 1.4, umo ndani ya mpaka.

Umetia strontiamu, mvunjiko haukubadilika

Uliza kwanza muda. Strontiamu inahitaji dakika kadhaa kuyeyuka na kusambaa. Ukimimina papo hapo unaiacha chunguni. Sodiamu ni kinyume chake: inafanya kazi mara moja, lakini ndani ya nusu saa hivi imeshapotea kwa kuungua, na chumvi zake zinahitaji kukauka kabisa. Sodiamu ya metali nisingemshauri mtu aishike kwenye karakana ya mtaani.

Kama muda ulikuwa sawa, angalia kilichopigana nayo. Fosforasi hufanya kazi ya upande wa pili: huunda punje za AlP (alumini na fosforasi) ambazo silikoni huanza kukua juu yake, na hiyo inafaa kwa aloi zenye silikoni nyingi sana, kama A390 yenye karibu 17%, ambako unataka fuwele za kwanza za silikoni ziwe ndogo na nyingi. Fosforasi na strontiamu zikikutana huharibiana. Antimoni pia, iliyotumika kwenye baadhi ya aloi za zamani, huifunga strontiamu. Na boroni: ukitia vidonge vya kupunguza chembe vyenye boroni nyingi pamoja na strontiamu, huungana zenyewe kwa zenyewe na unapoteza vyote viwili. Pistoni zisizojulikana asili yake ndizo chanzo cha kawaida cha mgongano wa namna hii, kwa sababu za silikoni nyingi huwa zimetiwa fosforasi kiwandani.

Vitobo

Tofautisha gesi na kunywea, yaani alumini kusinyaa inapoganda. Tobo la gesi ni la mviringo na kuta zake ni laini. Pango la kunywea lina kingo zilizochongoka, na kwa kioo cha kukuza unaona ncha za matawi ya alumini zimesimama ndani yake, kwa kuwa uji wa mwisho uliisha kabla ya kufika.

Gesi ni hidrojeni. Uji hubeba karibu mara 20 ya kile ambacho alumini ngumu inaweza kubeba, hivyo yote hutoka wakati wa kuganda. Inatokana na maji: skrepa iliyonyeshewa, oili kwenye pistoni, chumvi yenye unyevu, chungu kilicholala baridi. Jaza kikombe kidogo cha chuma kilichopashwa na utazame uso wake ukiganda. Uso ukididimia katikati, uji ni safi kiasi. Ukivimba, au vitone vidogo vikapasuka juu, usimimine. Pitisha nitrojeni kavu au agoni kupitia bomba la grafaiti kwa dakika kadhaa, acha utulie, kisha upime tena. Vidonge vya heksakloroethani vinavyouzwa kwa kazi hiyo vinatoa moshi wa sumu. Usivitumie ndani ya banda.

Viongezi navyo vina mchango. Strontiamu mara nyingi huongeza vitobo vidogo vilivyotawanyika, hivyo tobo jipya baada ya kuanza kutumia strontiamu si bahati mbaya. Toa gesi tena baada ya kuitia. Shaba huacha uji wa mwisho ukiganda kwenye joto la chini sana, hata chini ya 525°C, wakati njia zimeshafungwa. Ongeza kilishio, yaani akiba ya uji inayolisha kipande kinapoganda, au kiweke karibu na sehemu nene. Magnesi huongeza ngozi ya oksaidi juu ya uji. Ngozi hiyo ikikunjwa ndani wakati wa kumimina hubaki kama ufa uliofungwa, kwa hiyo mimina ukiwa umeshusha chungu karibu na kalibu, kwa mkondo mmoja usiokatika.

Kinapasuka ndani ya kalibu kabla hakijapoa

Ufa wenye njia za kuzunguka, uso wake umefifia kwa oksaidi, mara nyingi kwenye kona au pale unene unapobadilika. Kisa cha kawaida ni silikoni kidogo. Fundi amechanganya nyaya na fremu za madirisha akifurahia alumini nyeupe, na uji umebaki na silikoni ya 1% hivi, kiwango ambacho kinapasuka sana wakati wa kuganda. Ongeza pistoni au rimu mpaka silikoni ivuke 5%, tatizo hupungua sana, kwa sababu yutektiki ya kutosha huingia na kuziba nyufa zinapoanza. Shaba ya 4 au 5% bila silikoni nayo ina tabia hiyo.

Kisa cha pili ni chembe kubwa za alumini. Sampuli iliyotoka kwenye kostiki ikionyesha chembe za milimita kadhaa, tia aloi ya titani 5% na boroni 1%, gramu 10 hadi 20 kwa kilo 10 za uji, ukorogee kabla ya kumimina kwa kuwa punje zake hutua chini. Kumbuka tu onyo la strontiamu na boroni hapo juu.

Kisa cha tatu ni zinki na risasi. Kabureta nyingi na vitasa vya milango ni zinki, ambayo uzito wake kwa ujazo ni zaidi ya mara 2 ya alumini. Mkono unautambua mara moja. Risasi haichanganyiki na alumini ngumu, hukaa kama matone. Hapa nasema kwa msisitizo: sufuria zisisubiwe kwa skrepa ya injini, betri, vitasa au vitu visivyojulikana. Vipimo vilivyofanywa katika nchi kadhaa za Afrika vimekuta risasi ikitoka kwenye sufuria za namna hiyo na kuingia kwenye chakula. Watoto ndio wanaoumia zaidi. Kwa sufuria, tumia nyaya na fremu zilizosafishwa rangi, au usisubu sufuria.

Umekipasha, umekizamisha, bado laini

Ugumu wa A356 unatokana na magnesi na silikoni zinazoyeyuka ndani ya alumini kwenye karibu 540°C kwa saa kadhaa, zikanaswa kwa kuzamishwa haraka majini, halafu zikajitokeza kama punje ndogo mno kwenye karibu 155°C kwa saa 3 hadi 5. Bila magnesi hakuna kitakachotokea, na magnesi ndiyo ya kwanza kuungua kila unapoyeyusha upya. Rimu zilizoyeyushwa mara nyingi, zikakaa muda mrefu motoni, huishia na magnesi kidogo mno. Ongeza kipande kidogo cha magnesi, ukikizamisha chini ya uji kwa koleo kavu, kwa hesabu ya kufika karibu 0.35%. Kuchelewa kuzamisha majini nako kunaua kazi yote: kuanzia tanuri hadi maji iwe sekunde, si dakika.

Kama skrepa ina shaba 2% na kuendelea, usiipashe 540°C. Mipaka ya chembe yenye shaba itaanza kuyeyuka ndani, kipande kitatoka na malengelenge, na hakirekebishiki. Kaa karibu 500°C.

Kisu cha kukerezea kinaisha upesi

Ukigonga punje ngumu zilizo ovyo ovyo, angalia chini ya chungu: kama kuna tope zito, ni ile jumla ya chuma, manganizi na kromi iliyovuka mpaka, au umekwangua sakafu ya chungu ulipomimina. Ukikuta ugumu umeenea kipande chote na aloi ni ya pistoni, ni fuwele za kwanza za silikoni. Zina kona na huonekana kijivu baada ya kung'arishwa. Fosforasi ikitiwa kwa aloi ya shaba na fosforasi huzifanya ndogo. Mwenye kalibu ya mchanga atafaidika zaidi kwa kuzimua kidogo kwa rimu.

Kipande kinanata kwenye kalibu ya chuma

Hapa ndipo chuma hugeuka rafiki. Uji wenye chuma kidogo sana hula uso wa kalibu na kushika. Ndiyo sababu aloi za kusubu kwa shinikizo huachwa na chuma karibu 0.8 hadi 1.1%, na vipande vyake hupoa haraka kiasi kwamba vibapa havipati nafasi ya kukua. Wewe unayemimina kwa mkono kwenye kalibu nene usifuate kiwango hicho. Paka kalibu rangi ya kinzamoto, ipashe ikauke hadi tone la maji liruke juu yake, na uiache aloi yako na chuma kidogo kadiri unavyoweza.